Mama Mvuke na Mke Mwenza Wake wa Majini

Mwenzetu Mama Mvuke ameitumikia hospitali hii kwa miaka thelathini na minne, karibu yote akiwa chumba kimoja, na anastaafu Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa kumi jioni. Ofisi ilimruhusu aondoke tangu mchana. Amekataa, kwa sababu mzigo wa mwisho wa siku utakuwa bado unapoa, na hajawahi kuacha mzigo ndani ya mashine akaenda nyumbani.

Tuliombwa wasifu wa ukurasa mmoja. Wahariri wa jarida watatuwia radhi, maana ukurasa mmoja haumtoshi hata kwa vituko vyake vya wakati wa chai.

Kwa wale ambao hufika kwetu pale tu wanapopotea njia, chumba cha kutakasa vyombo kiko mwisho wa korido, nyuma ya chumba cha kufulia. Kila mkasi, kila koleo na kila bakuli la chuma linalomgusa mgonjwa hupita mikononi mwetu. Chumba kimegawanywa na ukuta wenye dirisha la kioo. Upande mchafu ndipo vyombo vinapofika vikiwa na damu ya mgonjwa, tukavisugua. Upande safi ndipo vinapokaguliwa, vikafungwa kwa vitambaa vya kijani na kuingizwa kwenye mashine ya mvuke. Kitu kikishavuka kwenda upande safi hakirudi nyuma. Mtu naye havuki ovyo, mpaka abadili nguo kuanzia kofia hadi viatu. Mwandishi wa maneno haya ni mtu wa upande mchafu. Kwa hiyo amemjua Mama Mvuke kwa miaka mingi kupitia kioo, macho juu ya barakoa na mikono chini yake, na yuko tayari kuapa kwamba mikono ile ina maneno mengi kuliko vinywa vya baadhi yetu.

Alianza kazi akikunja mashuka kwenye chumba cha kufulia. Siku moja upande safi ulipungukiwa mtu, akaazimwa kwa wiki moja, na wiki hiyo haijaisha mpaka leo. Kazi aliijua kwa kuuliza, na aliuliza mpaka akakera watu. Akawa mkuu wa zamu, halafu mkuu wa chumba. Amefundisha wengi ambao sasa wanaongoza vyumba kama chetu kwenye hospitali nyingine, na wakipiga simu bado wanaanza kwa kujitetea kabla hajawauliza kitu. Chini yake chumba kimepita kila ukaguzi. Kuna mkaguzi mmoja aliyeambiwa avue pete kwanza ndipo aendelee na maswali yake, akavua, akaendelea.

Jina la Mama Mvuke alilipata kwa ajili ya miwani. Alikuwa akifungua mlango wa mashine, mvuke unamfunika uso, miwani inakuwa nyeupe, naye anaendelea kutoa vifurushi bila kuona chochote na bila kuangusha hata kimoja.

Sasa lazima tuseme kidogo kuhusu tepu. Kila kifurushi tunakibandika tepu yenye mistari iliyofifia. Mvuke ukikifikia sawasawa, mistari hiyo hugeuka kuwa myeusi, na hapo ndipo unajua kwamba hakuna kijidudu kilichobaki hai humo ndani. Kwa Mama Mvuke, dunia nzima ilikuwa na makundi mawili: vitu vilivyogeuka na vitu ambavyo havijageuka. Kila mtumishi mpya aliyefika kwetu aliambiwa maneno yale yale siku ya kwanza: "Uchafu hauonekani, mwanangu. Ukishauona, umechelewa." Wengine walirudi nyumbani siku hiyo wakaogopa hata kushika mwiko.

Metroni wetu, mkuu wa wauguzi, alipewa na wajukuu wake kikombe cha plastiki chenye kifuniko, akakisahau kwetu kikiwa na doa la chai. Mama Mvuke alikihurumia. Alikifunga, akakibandika tepu, akakipitisha kwenye mashine pamoja na vyombo vingine. Kilitoka kimelala bapa kama kisahani, lakini mistari ya tepu ilikuwa myeusi tititi, na hilo ndilo alilotaka metroni alitazame. Metroni bado anacho. Anawekea pini zake za nywele.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi wa hospitali hii wanalijua. Mtumishi akijaliwa mtoto, Mama Mvuke humpelekea nguo za mtoto zilizofuliwa, zikapigwa pasi, zikafungwa kwenye kitambaa cha kijani kilichochakaa kwa mkunjo wetu wa kazi, ule wa kuacha kona moja imetokeza nje ili mtu afungue bila kugusa kilichomo. Mwandishi alipelekewa kifurushi hicho alipopata mtoto wake wa kwanza. Mtoto huyo sasa ana ndevu, na kitambaa kipo kabatini.

Hapa tuhamie nyumbani kwake, kwa sababu wasifu wa Mama Mvuke bila sebule yake utakuwa umekatwa miguu.

Mume wake, shemeji yetu sote, alikuwa fundi friji. Alikuwa mtu wa sauti ya chini na mifuko iliyojaa skrubu, na akija kumchukua mkewe jioni alikuwa anasimama mlangoni akizisikiliza mashine zetu kama daktari anayesikiliza kifua. Mteja wake mmoja aliyekuwa akihama nyumba alimwachia tangi la kioo la maji ya chumvi. Ndani yake mlikuwa na samaki wawili wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Pia mlikuwa na anemoni.

Wengi wetu hatukujua anemoni ni kitu gani. Mama Mvuke alitueleza wakati wa chai, kwa sauti ya mtu anayefungua mashtaka. Ni mnyama wa baharini anayejifanya ua. Hana macho wala mfupa. Ana mguu mmoja wa kujishikiza kwenye jiwe, ana mdomo katikati, na kuuzunguka mdomo ana vidole vingi laini vinavyopepea majini na kumuuma kila samaki mgeni. Wale wawili wa rangi ya chungwa ndio pekee asiowauma. Wanalala humo ndani kama watoto walioingia kitandani kwa mama yao. Chakula chake ni kijipande cha kamba mbichi, na akishakasirika au kuogopa anajifunga kama ngumi. Halafu anatembea. Asipopapenda mahali, anabandua mguu wake polepole na kuhamia kona nyingine, na mwenye nyumba haulizwi.

Fundi alimpenda mnyama huyo kupita kiasi. Kila jioni kabla ya kula alimpimia joto la maji, akakoroga chumvi maalumu kwenye ndoo, akasafisha bomba la pampu kwa mswaki. Mama Mvuke akaanza kumwita yule anemoni mke mwenza, na chai yetu ikapata tamthilia. Kila asubuhi tulipata habari za nyumba ile ya wake wawili. "Mimi nikisema kichwa kinauma, naambiwa ninywe maji," alilalamika. "Mwenzangu akikunja kidole kimoja tu, mume anatoa kipimajoto!" Tulicheka mpaka tukamwagikiwa chai. Lakini siku umeme ulipokatika na fundi akiwa safarini, ni Mama Mvuke aliyekaa akipuliza hewa kwenye maji kwa pampu ya baiskeli, na kesho yake alikuja kazini mkono umemvimba.

Kitu kimoja tu kwenye tangi lile hakuweza kukivumilia, nacho ni mawe. Yalikuwa yamefunikwa ukoko wa zambarau, juu yake utelezi wa kijani, na kwenye mchanga mlikuwa na viminyoo. Kwa mwanamke wa kazi yake, ile ilikuwa aibu iliyowekewa taa sebuleni. Kila akisema atayasugua, mumewe alicheka na kumjibu, "Hapo pako hai, mke wangu." Yeye alilihesabu jibu hilo kuwa utetezi wa mwanamume mvivu wa kuosha vyombo.

Miaka sita iliyopita shemeji yetu alifariki. Moyo ulisimama akiwa kazini, ameinama nyuma ya friji ya mtu. Tulikwenda kumzika, tukarudi, na Mama Mvuke akarudi kazini mapema kuliko tulivyotaka. Binti yao, ambaye ameolewa mbali, alikaa naye kwa muda. Kabla ya kuondoka alimshauri mama yake amtafute mtu wa kumpa tangi lile, kwa sababu lilikuwa kazi nyingi kwa mtu mmoja. Mama Mvuke alikataa. "Tumebaki wajane wawili," alimwambia binti yake, "na wajane hatutupani."

Huzuni ya watu wengine huwalaza kitandani. Ya kwake ilimshikisha ufagio. Alifua mashati yote ya mumewe, akafua mapazia, akaosha kuta, akalimwaga sanduku la spana na kung'arisha spana moja moja. Alipomaliza nyumba nzima, macho yakatua kwenye mawe.

Aya inayofuata, uongozi unaombwa uisome kwa jicho moja.

Aliwahamishia samaki na anemoni kwenye ndoo. Mchanga wa zamani akautupa, akanunua mwingine. Kioo akakisugua kwa siki, sponji ya chujio akaichemsha. Mawe akayaleta kazini. Ilitokea kwamba juma hilo mashine ya kwanza ilikuwa imetoka kutengenezwa, na mashine ikitoka kwa fundi hupewa kwanza mzigo wa majaribio kabla ya kuaminiwa vyombo vya wagonjwa. Kawaida mzigo huo ni mataulo ya zamani. Siku hiyo yalikuwa mawe ya fundi friji, yamefungwa kwa vitambaa vya kijani, kona zimetokezwa nje vizuri, kila kifurushi na tepu yake. Chumba kilinuka kama soko la samaki. Mlango ulipofunguliwa, mistari ilikuwa imegeuka yote. Aliinua kifurushi kimoja dirishani tukione, na upande mchafu mzima tukampigia makofi na glavu zetu zilizolowa. Nani kati yetu angejua? Sisi ni watu tunaolipwa kuua vijidudu.

Nyumbani aliyapanga mawe, akatia maji mapya na chumvi mpya, akawarudisha wanyama wake. Maji yaling'aa mpaka ungedhani tangi halina kitu. Alitupitishia picha kwenye simu, na kwa mara ya kwanza tangu msibani tukamwona akitabasamu.

Siku chache tu baadaye maji yakawa kama yametiwa maziwa. Anemoni alijikunja ngumi, akabandua mguu wake kwenye jiwe, akalala ubavu mchangani, mdomo wazi. Mama Mvuke akafanya analolijua. Alimwaga maji yote, akasugua upya, akachemsha upya kila kilichochemka. Hali ikazidi kuwa mbaya. Akasafisha tena. Asubuhi akamkuta samaki mmoja wa chungwa anaelea, na mwenzake akihema kwenye kona juu ya yule anemoni aliyejifunga, hataki kumwacha.

Ndipo alipokwenda kwa muuza samaki wa mapambo, rafiki wa mumewe, ambaye duka lake lipo jirani na kituo cha mafuta. Mtu huyo alifunga duka akaja naye. Alisimama mbele ya tangi akanusa maji.

"Shemeji, umefanya nini hapa?"

Akamweleza yote, tangu siki mpaka tepu nyeusi, na kwa jinsi tunavyomjua, hakuficha kwamba kazi ilikuwa nzuri. Yule bwana akatafuta pa kukaa.

"Umewaua wote," akasema.

Mama Mvuke akamwambia aliyekufa ni mmoja.

"Si samaki, shemeji. Wale wasioonekana, waliokaa kwenye mawe. Ndio waliokuwa wanakula taka za hawa, maji yakakalika. Fundi amewalea hao miaka yote. Hicho ndicho alichokuwa anafanya hapa kila jioni. Na waliokufa ndani ya mawe sasa wanaozea humo humo."

Haya tuliyasikia kesho yake wakati wa chai, na tunayaandika hapa kwa ruhusa yake. Hatukuwahi kumwona akilia kazini, hata alipotoka mazikoni. Siku hiyo alilia. Mashati yalikuwa yamekwisha kufuliwa, hayakuwa na harufu ya mtu tena. Spana ziling'aa kama za dukani. Katika nyumba nzima kulikuwa kumebaki kitu kimoja kilicho hai ambacho mumewe alikianzisha kwa mikono yake, naye amekipika kwenye mvuke akatuonyesha dirishani. "Nimemfuta mume wangu," alisema. "Nimemfuta nikamaliza." Na akaongeza kwamba yule anemoni akifa, basi atakuwa amemzika mumewe mara mbili.

Muuza samaki alikuwa ameondoka bila kuaga, Mama Mvuke akadhani amekasirika. Jioni ya siku hiyo aliyolia, yule bwana alirudi na gari la kukodi. Alishusha madumu ya maji kutoka kwenye matangi yake ya zamani, sponji ya chujio iliyojaa uchafu ambao haustahili kuelezwa kwenye jarida la hospitali, na jiwe moja baya, jeusi, lenye ukoko wa zambarau.

"Hili ni la kwake," alisema. "Nilipofungua duka sikuwa na kitu, akalivunja jiwe lake akanipa kipande. Akaniambia, weka, watazaliana. Matangi yangu yote yamepata uhai kutoka hapa kwenu."

Mawe yaliyopikwa aliyatoa nje. Akamimina maji yale ya zamani, akaweka sponji chafu kwenye chujio, akaliweka jiwe katikati, mahali pake pa siku zote. Anemoni alimlaza karibu nalo. Hakuahidi kitu. Akamwambia neno moja tu la kufuata, na kwa Mama Mvuke lilikuwa gumu kuliko upasuaji.

"Sasa kaa, shemeji. Usiguse kitu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe afunguke."

Jamani, mfikirieni. Mwanamke ambaye hajapata kuona doa likalala salama, anaambiwa akae mbele ya kioo chenye ukungu, mikono mitupu. Alikaa kwenye kigoda. Anasema jioni za kwanza aliikalia mikono yake kabisa, maana ilikuwa inainuka peke yake kwenda kwenye sponji. Aliongeza maji kidogo pale yalipopungua, akamlisha samaki aliyebaki, basi. Kingine chote aliacha. Alijikuta anaongea na mke mwenza. Alimsimulia habari za siku nzima, jinsi fundi alivyokuwa anamsimulia.

Na sisi? Kila mtu alitaka kujua mgonjwa kaamkaje, lakini zamu ikishaanza kuna barakoa, kuna ukuta, na mashine zinanguruma. Ndipo ilipoanza ile ishara ambayo wengi mmeiona bila kuielewa. Asubuhi tunagonga kioo. Mama Mvuke anageuka, anainua mkono. Ngumi ina maana bado amejifunga. Metroni alipita mara moja akamwona Mama Mvuke ameinua ngumi juu, na upande wa pili watu sita wamesimama wanamtazama kwa huzuni, akaenda moja kwa moja ofisini kuuliza mgomo unaanza lini. Alipoelezwa, alirudi akiwa mpole. Kuanzia hapo naye akawa anapitia dirishani kila asubuhi, eti anakagua taa.

Ngumi ile ilidumu. Habari zikavuka mpaka jikoni, maabara, kwa walinzi wa geti. Watu ambao hawajawahi kuona bahari walikuwa wanauliza kama amefunguka. Mwandishi atasema ukweli: wapo waliokata tamaa, na yeye ni mmoja wao. Tulichokuwa tunakiogopa ni asubuhi ambayo Mama Mvuke angegeuka asituinulie mkono wowote.

Asubuhi tunayoikumbuka, alichelewa kufika kwenye meza yake. Kwa mtu ambaye saa ya ukutani hurekebishwa kwa kumtazama yeye, hiyo peke yake ilitutia baridi. Hatukugonga kioo. Akaja mwenyewe dirishani, kofia sawa, barakoa sawa, miwani imejaa ukungu na siku hiyo haukuwa ukungu wa mvuke. Akainua ngumi. Tukainamisha vichwa. Halafu kidole kimoja kikainuka. Kikafuata cha pili. Vikafunguka vyote polepole, mkono ukabaki wazi kwenye kioo, na vile vidole akavipepea.

Simu ya chumba cha upasuaji iliita mpaka ikakatika, ikaita tena, kabla mtu hajakumbuka kuipokea. Tulikuwa tumeinua mikono yote, glavu zinatiririka maji ya sabuni mpaka viwikoni, tunapepea vidole kama wendawazimu. Tulilia, na hakuna aliyejificha.

Tangu hapo Mama Mvuke ni yule yule, ila si yule yule. Kazini hajalegeza hata uzi. Kifurushi chenye mstari uliofifia bado kinarudishwa, na wewe uliyekileta bado unatazamwa. Lakini lile somo la siku ya kwanza limeongezewa maneno. Sasa anawaambia wageni, "Humu hatumwachi hata mmoja hai. Ukifika kwako, waachie waishi." Kwenye dirisha la chumba cha chai ameruhusu mmea, wenye udongo kabisa. Aliyewahi kuishi chini ya utawala wa zamani anajua hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Mawe ya tangi yamerudi kuwa na zambarau. Samaki wa chungwa amepata mwenzake mpya, na baada ya ugomvi wa majuma wanalala pamoja. Mwaka jana Mama Mvuke alikuja kazini macho mekundu, akidai mke mwenza anakufa tena. Alikuwa amejivuta pande mbili, nusu ya mguu inakwenda kushoto, nusu inakwenda kulia, kama kitambaa kinachochanika. Alimpigia simu muuza samaki, na yule bwana akacheka hata kabla hajamaliza kueleza. Kumbe wakishiba na wakitulia vizuri, ndivyo wanavyofanya, mmoja anakuwa wawili.

"Mke mwenza kazaa," alitutangazia, "na mume hayupo. Haya niambieni, mtoto huyu nimwite nani?"

Tulipiga kura wakati wa chai. Anaitwa Wa Kambo. Mama Mvuke alimlea mpaka akaimarika, kisha akampakata kwenye ndoo mapajani, akampeleka kwenye lile duka karibu na kituo cha mafuta. Yuko kwenye tangi la mbele, kando ya mlango. Wateja wanauliza bei na wanaambiwa huyo hauzwi.

Sasa kuhusu zawadi yetu, kwa kuwa mwenyewe atausoma wasifu huu na ni bora ajiandae. Ni kiti cha kuegemea, chenye mto, cha kuweka mbele ya tangi. Kile kigoda kimetosha. Tumekifunga kwa vitambaa vya kijani tulivyoviunganisha, na imetubidi kujaribu mara nyingi mpaka kona itokeze nje vile anavyotaka. Juu yake tumebandika tepu. Mistari ya tepu hiyo imefifia, haijageuka. Tunajua. Kiti kimeshikwa na mikono yetu yote bila glavu, na ni kifurushi cha kwanza kutoka kwenye chumba chetu ambacho hakikupita kwenye mashine. Tunaomba akipokee hivyo hivyo.

Mama, asante kwa miaka yote uliyosimama kati ya mgonjwa na kitu asichokiona. Asante kwa nguo za watoto wetu, kwa makaripio, hata kwa kikombe cha metroni. Tunakuombea afya, jioni ndefu, maji yenye joto sawa, umeme usiokatika, na binti na wajukuu wakujazie sebule kelele. Umsalimie mke mwenza wako.

Ijumaa saa kumi utatoka kwa mlango wa upande safi, kama taratibu zinavyotaka, na sisi wa upande mchafu hatutaweza kuvuka kuja kukukumbatia. Usingoje hotuba, kwa sababu mashine zitakuwa zinanguruma na barakoa ziko usoni. Kabla hujazima taa ya meza yako, geuka utazame dirishani. Utatukuta wote tumeinua ngumi. Usihangaike na usiguse kitu, mama. Tupe muda tu, tutafunguka wenyewe.